Mwanangu ni Mzima

Werugha
12 Februari 2024

Kwako Mama Lynn,

Nakusalimu, na mjukuu wangu nampa salamu zake peke yake. Sisi huku milimani tu wazima. Ukungu haujaondoka tangu Ijumaa na ng'ombe wamepunguza maziwa, lakini hatulali njaa. Natumaini joto la Voi halijawamaliza, na kwamba Crispus amepona mafua.

Jana ulinikatia simu nikiwa katikati ya sentensi. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na hakuna mtoto aliyewahi kunigeuzia mgongo nikizungumza. Kwa hiyo naandika. Barua utaisoma ama utaitupa, lakini hutaikata. Atakuletea Mulei, yule wa pikapu anayeteremsha mboga zetu soko la Voi.

Nilichotaka kukuambia ni hiki. Mama mmoja wa kanisa letu alishuka huko kumwona dadake, wakaenda pamoja kwenye kikundi chenu cha Jumamosi. Amerudi na kuniambia, mbele ya watu wawili, tukipanga viti vya harusi, kwamba mke wa mwanangu alisema hivi mbele ya watu wasiopungua kumi na tano: "Mume niliyeolewa naye alifia Sagalla. Huyu aliyerudi amevaa nguo zake tu."

Ulisema hivyo, Kavinya? Usinijibu kwamba yule mama ana mdomo. Najua ana mdomo. Nauliza kama ulisema.

Mwanangu alianguka huko Sagalla kutoka kwenye tangi la maji alilokuwa akilitengeneza, Agosti mwaka juzi. Alilala siku kumi na tisa bila kufungua macho, na mimi nilikuwa kando ya kitanda alipoyafungua. Krismasi hii alikuja hapa akaimba na wanaume kanisani, sauti ya chini kabisa, bila kukosea. Aliwasalimia wazee kwa majina. Mwanangu ni mzima. Kama kuna mtu amechoka, aseme amechoka, asimzike mtu anayekula na kutembea.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mambo ya nyumba yetu, ya ukoo wa Mwandawiro, si ya kuwekwa katikati ya viti vya plastiki, watu wayapokezane kama njugu.

Mama mkwe wako,
Tryphena


Voi
15 Februari 2024

Mama,

Nakuamkia kwa heshima. Kabeji zimefika, asante. Lynn yuko sawa, jino la mbele limetoka na lingine linachungulia. Mafua ya Crispus yaliisha mwezi jana.

Ndiyo, nilisema. Nilisema hayo na mengine, na huyo mama wa kanisa lenu angekaa mpaka mwisho angekuwa na mzigo mkubwa zaidi wa kukuletea.

Krismasi alikaa kwako siku mbili. Siku mbili anaweza, Mama. Anakaza kila kitu alicho nacho, kama mtu aliyebeba gunia kubwa mbele ya watu na hataki waone magoti yakitetemeka. Tuliporudi Voi alilala siku tatu. Ya nne Lynn alikuwa mezani akikariri jedwali la saba kwa sauti, saba mara tatu, saba mara nne. Crispus akamwambia nyamaza, mara moja tu, na kabla mtoto hajageuka redio ikampita karibu na sikio ikapasukia ukutani. Halafu baba mtu akasimama pale, akaangalia vipande, akauliza, "Nani amevunja redio?"

Hakuwa anajifanya. Hapo ndipo panaponiumiza. Angekuwa anajifanya ningemchukia, na kazi ingekuwa nyepesi. Sasa mtoto wa miaka tisa hufanyia homuweki kwa jirani, na akirudi huniuliza mlangoni, "Baba wa leo ni yupi?"

Nilienda kwa mchungaji, akanipa siku za kufunga. Nilienda kwa ndugu za Crispus, wakasema mbona anaonekana poa. Nilienda kwa daktari, akainua ile picha ya kichwa dirishani, akasema kidonda kimepona. Mtu wa kwanza kuniuliza, "Na wewe unalala?" alikuwa Loise. Kazi yake hospitalini ni kuwafunza upya waliojeruhiwa: kuvaa shati, kushika kalamu, kuchemsha chai bila kuunguza nyumba. Ndiye aliyeanzisha kikundi. Tunakutana Jumamosi mbili kwa mwezi, kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Walioumia kichwa wanakaa chumba kimoja na kazi za mikono, sisi jamaa zao chumba kingine, na nusu saa ya mwisho tunakaa wote pamoja. Hakuna ruhusa ya kumpa mwenzako ushauri mpaka auombe.

Kuna Mzee Kiema. Binti yake aligongwa na pikipiki na sasa anatukana matusi ambayo mzee mwenyewe hakuyajua. Ni mzee wa kanisa, Mama. Anakaa anatusomea yote aliyoitwa wiki hiyo, kwa sauti ya matangazo ya Jumapili, na sisi tunacheka mpaka tunalia. Mimi sikuwa nimecheka tangu Agosti ile.

Siri ya mtungi aijuaye kata, umesema. Basi kata ni mimi. Wewe unauona mtungi kwa nje, umesimama vizuri. Anayeingia ndani kila siku ni mimi.

Njoo ukae nasi wiki mbili. Si siku mbili.

Mama Lynn


Werugha
19 Februari 2024

Mama Lynn,

Sijui kama nyinyi hamjambo, maana barua yako ilikuwa na haraka ya kunifundisha. Sisi hatujambo.

Umeniita mjinga kwa maneno marefu. Kuhusu redio: baba yake Crispus naye alikuwa akirusha vitu, na hakuwahi kuanguka kutoka tangi lolote. Hasira ni ya ukoo. Tulivumilia, hatukutafuta ukumbi.

Nimefikiri sana. Mwanangu anashinda kwenye nyumba ya mabati, ndani ya joto, cherehani yako ikilia tangu asubuhi, na mke anayehesabu makosa yake ili Jumamosi apate ya kusimulia. Nani hataghadhibika? Mlete huku. Kuna hewa, kuna utulivu, kuna mama yake mzazi. Nitamkalisha na atatulia. Ukimwona tena utamtambua yule uliyeolewa naye, na hapo uwaendee wenzako uwaambie amefufuka.

Tryphena


Voi
24 Februari 2024

Mama,

Salamu za mwili mzima na roho isiyo nzima. Huyu hapa.

Atakaa mbele na Mulei. Begi lina nguo, sweta mbili na vidonge vyake. Vidonge ni vya kuzuia kifafa, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Usimwachie akumbuke mwenyewe, atakuambia amemeza na ataamini. Saa saba mchana alale hata akikataa. Ukimwambia jambo, mwambie moja, ungoje limalizike, ndipo utoe la pili. Harusi na mkutano siku moja, usimpeleke. Na ukimwona anasugua paji la uso kwa kiganja, nyamaza utoke. Usimwulize kwa nini, usimsahihishe. Toka tu.

Loise hajapenda. Alisema mtu kama huyu huhamishwa polepole, aende kwanza siku moja arudi, kisha tatu, azoee. Nilimwambia mama yake ni mwalimu, anajua kila kitu.

Alipopanda pikapu aliniuliza tunaenda wapi. Nikamwambia wewe unaenda kwa Mama. Akaniuliza, "Nimefanya nini?" Soko zima lilikuwa likitutazama. Nilifunga mlango.

Mama Lynn


Voi
28 Machi 2024

Mama,

Natumaini mko salama na mvua imewafikia. Hii ni barua ya tatu, na mbili za kwanza Mulei anaapa alikupa mkononi. Nikipiga simu anapokea Crispus, anasema wako sawa, Mama yuko kwa ng'ombe. Kila saa uko kwa ng'ombe.

Leo nilimshika Mulei akishusha mboga nikamwuliza, "Mama yuko vipi?" Akainama kuangalia magurudumu yake ambayo hayakuwa na ubaya wowote.

Pasaka ndiyo hii. Lynn anauliza kama Baba atakuja. Nijibu nini?

Kavinya


Werugha
22 Aprili 2024

Binti yangu Kavinya,

Nakusalimu wewe na Lynn. Hatuko wazima sana.

Mwandiko huu usikushtue. Naandika kwa mkono wa kushoto, ule ambao nilipoanza kazi nilikuwa nikiwachapa watoto walioandika nao. Nimetumia siku mbili kufika hapa.

Wiki ya kwanza alikuwa mtulivu na mimi nilitembea kijijini nikiwa nimeinua kichwa. Wiki ya pili akasema anasikia maji yakivuja chini ya ardhi. Akachukua jembe akafukua bomba linalohudumia nyumba tano, huku chini kwenye matuta ya shamba la mteremkoni. Ungeyaona mashimo yake ungedhani ni Crispus wa zamani, fundi wa maji: yamenyooka, udongo umepangwa upande mmoja. Akakata bomba. Halikuwa limevuja popote. Akaja ndani kunywa chai, na alipomaliza chai hakukumbuka kwamba kuna bomba. Nyumba tano zilikaa siku nne bila maji, na mafundi waliolirudisha walikuwa majirani wenyewe. Walikuja mlangoni kwangu. Niliwaambia mwanangu ni mzima, bomba ndilo bovu.

Wiki iliyofuata nilimkuta anachimba tena upande wa pili. Nilimshika jembe. Nikaanza kumwambia, na unajua ninavyosema, kama niko mbele ya darasa la sita: unafanya nini, hukumbuki juzi, watu watatuonaje, lete hapa, nenda ndani, ukanawe. Akasugua paji la uso kwa kiganja. Nililiona jambo hilo, Kavinya. Uliniandikia, na nililiona, na nikaendelea kusema. Akanisukuma. Nilianguka kutoka tuta la juu hadi la chini, na mkono wa kulia ulivunjika mahali pawili.

Nililala pale kwenye kabeji sijui muda gani. Akarudi na kikombe cha chai, hakumwaga hata tone. Akapiga magoti, akanitazama usoni, akasema, "Nani amekuumiza, Mama? Nionyeshe nimfuate."

Majirani niliwaambia niliteleza kwenye majani mabichi. Daktari aliyeufunga mkono nilimwambia hivyohivyo. Wewe sikukuambia kitu. Ningekuambiaje, baada ya barua zile nilizokuandikia?

Nina hasira. Nina hasira na hospitali iliyotupa karatasi moja ya jinsi ya kuosha kidonda, na ndani yake hakuna neno moja kuhusu mtu atakayetoka pale. Nina hasira na sisi wote tuliokuambia anaonekana poa. Na nina hasira nawe, usidhani umeponyoka. Ulimpandisha pikapu kama mzigo wa kurudishwa dukani. Nakukasirikia zaidi kwa sababu yale yote uliyoandika yalikuwa kweli.

Jumamosi iliyopita nilimwomba Mulei atushushe. Nilitaka kuja kwako, lakini niliona aibu, nikamwambia atupeleke ukumbini. Nilidhani nitakukuta. Loise akasema hujafika tangu Februari. Crispus alienda chumba chao, mimi nikaketi na jamaa. Zamu yangu ilipofika nilisimama, maana sijui kuzungumza nikiwa nimeketi. Nikasema, "Mimi ni mama yake Crispus. Nilimwita mkaza mwana wangu mwongo. Mkono huu niliteleza." Nikasema tena, "Sikuteleza. Nilisukumwa." Mzee Kiema hakusema pole. Aliuliza, "Umevunjika wapi na wapi?" Nikamwonyesha, na yeye akakunja suruali akanionyesha alama ya meno ya binti yake. Sikuwa nimemwonyesha mtu yeyote ule mkono bila uongo.

Nusu saa ya mwisho wakaingia wengine. Mimi nilikuwa bado nasimulia, nasema huyu kijana hakuwa hivi, huyu kijana alikuwa mpole. Crispus akasimama. Hakupaza sauti.

"Mama, mnanizungumzia kama mtu aliyetoka nje kukojoa. Niko hapa." Akashika kiti. "Kila asubuhi naona mkono wa Mama umefungwa. Nauliza ni nani. Naambiwa, ni wewe. Nyinyi mlisikia mara moja. Mimi nasikia kila asubuhi, na kila asubuhi ni mara ya kwanza. Mna hasira, sawa. Mimi nami ninayo, na sijui nimkasirikie nani. Na hakuna mtu aliyeniuliza nataka kukaa wapi."

Ni kweli. Kila asubuhi alikuwa akiniuliza, nami nilikuwa nikimjibu, ni wewe, Crispus. Nilidhani nikirudia ataelewa. Hivyo ndivyo nilivyofundisha maisha yangu yote.

Loise alimwuliza hapo hapo anataka kukaa wapi, lakini alikuwa ameshachoka. Aliomba maji akaketi. Sasa anaponiuliza namwambia nilianguka, na anasema pole.

Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na mimi hata kukamua siwezi. Sikuombi unisamehe. Nakuomba unijibu.

Mama


Voi
29 Aprili 2024

Mama,

Pole kwa mkono. Pole ya kweli, kabla ya mengine yote. Lynn amekuchorea ng'ombe, picha nimeifunga pamoja na barua.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekasirikia mahali tofauti. Mara ya kwanza ni majani mabichi. Wiki sita, Mama. Nilikaa nikidhani umekufa, au amepona na hamnihitaji. Mara ya pili ni kila asubuhi. Kila asubuhi ulimwamsha mtu ukampa dhambi yake kabla ya uji. Ilibidi niache kushona.

Mara ya tatu nilijikasirikia mwenyewe, na hilo nitakuambia kwa sababu wewe umesema la kwako.

Loise alikuambia sijaonekana kikundini. Wiki ya kwanza alipoondoka nililala. Ya pili Lynn alirudi kusomea mezani kwetu, akakariri jedwali lote kwa sauti mpaka akachoka mwenyewe, na hakuna kitu kilichoruka. Tulipika wali, tukacheka na mdomo umejaa. Nikagundua nina furaha, na kwa furaha ile sikuweza kwenda kuketi mbele ya Mzee Kiema. Angenitazama tu angejua.

Kuna lingine. Siku ile nilipofunga mlango wa pikapu nilijua utashindwa. Sikukutumia mwanao ili apumzike. Nilikurushia, kama mtu anavyorusha jiwe, ili likupate ulie, uje uniambie Kavinya ulisema kweli. Jiwe limekupata. Umeniambia. Sijapata raha niliyoitegemea.

Jana baada ya kanisa nilimpigia. Nilimwuliza swali moja, polepole, kama Loise alivyotufunza. "Crispus, unataka kukaa wapi?"

Nilisikia jogoo wenu, nikasikia mtu akipita na ndoo. Halafu akasema, "Popote nitakosea, Kavinya. Nataka nikosee kwangu."

Sikumwambia ndiyo. Nilimwambia nimesikia. Nilienda kwa Lynn, maana yeye pia hakuna aliyewahi kumwuliza, nikamweleza bila kumficha kitu, hata mkono wako. Alifikiri akiwa amekunja miguu kitandani. Akasema, "Aje. Lakini chumba changu kiwe na mlango wa kufunga."

Leo fundi Mutuku ameweka mlango. Ni wa mbao ngumu na komeo liko kwa ndani, upande wa mtoto. Crispus ataliona na atauliza, na tutamjibu kwa maneno ambayo Loise atatusaidia kuyachagua, kwa sababu atauliza tena kesho.

Wewe utashuka naye, utakaa mwezi mzima. Ng'ombe wape jirani, nadhani kuna mmoja aliyebaki anayekusalimia. Utalala na Lynn. Nikitoka kwenda sokoni utakuwa na Crispus, na ukisikia ulimi unataka kufundisha, toka nje ukasimame juani mpaka upite. Tukishindwa tutamwambia Loise tumeshindwa, hatutasema tumeteleza.

Jumamosi ya tarehe nne nitakuwa ukumbini saa tatu asubuhi.

Sijakusamehe bado. Mlete.

Mkaza mwana wako,
Kavinya